Bonde Lisilo na Mlango

Jumamosi, tarehe nane Februari 2025, Mbale ilipambazuka kavu. Hapakuwa na wingu hata moja juu ya mlima Wanale, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeamka mapema kubeba pumba za mahindi kutoka kwenye vinu vya mtaa wa Industrial Division na kuzimwaga juu ya mabati ya watu. Asubuhi hiyo Ramlah binti Adrisi aliteremsha miguu kutoka kitandani, akakuta maji yamefika kwenye vifundo. Aliinama, akaziokota kandambili zake zilizokuwa zikielea karibu na mlango, akazivaa, akaenda kumwarifu kaka yake.

Ilimbidi kupanda. Jiko la zamani la marehemu baba yao, ambamo Ramlah alikuwa akilala tangu aliporudi kutoka Jinja na ujane wake, lilikuwa chini, upande wa mashariki wa kiwanja. Nyumba ya kaka yake Sulait ilikuwa juu, upande wa magharibi, karibu na barabara. Zamani hapa palikuwa tambarare. Watoto wa Adrisi walicheza mpira kutoka ukuta hadi ukuta, na mpira ulikaa pale ulipoachwa. Sasa kati ya jiko na nyumba kulikuwa na mteremko wa kumtoa mtu mzima jasho, na katikati ya safari Ramlah alisimama, mkono kiunoni, apumue. Nyuma yake ziwa lililoota kiwanjani lilikuwa limetulia. Heroe wachache walikuwa wakitembea humo kwa miguu yao mirefu, maji hayajawafika magoti.

"Hodi, kaka."

"Karibu, mdogo wangu. Mbona mapema hivi?"

"Maji yameingia ndani."

Sulait alikuwa amekaa barazani na tasbihi mkononi, kwa kuwa kila siku baada ya swala ya alfajiri alikaa hapo akimtaja Mungu mpaka jua litoke. Habari ile ilimsikitisha. Hakuwa mtu wa kujifanya. Macho yake yalilowa kweli.

"Yamefika wapi?"

"Chini ya kitanda. Kitanda chenyewe bado ni kikavu. Mimi ndiye nimelowa." Ramlah aliinua kiganja, kama mtu anayesimamisha baiskeli. "Nimekuja kukuarifu tu, sikuja kuomba. Nyamaza, kaka yangu. Leo nyamaza tu."

Lakini Sulait hakujua namna ya kumtazama dada yake akiwa na pindo la nguo linalochuruzika maji, halafu anyamaze.

"Wiki ijayo, Ramlah," alisema. "Wiki ijayo namwita mpimaji, unakatiwa sehemu yako. Safari hii nakuahidi."

Nyumba ilinyanyuka. Haikutikisika, iliinuka polepole, kama unga wa mkate uliotiwa hamira, kiasi cha unene wa kidole, na chai iliyokuwa kwenye kikombe ikasogea ukingoni upande wa mashariki. Sharifah, mke wa Sulait, alinyoosha mkono kutoka dirishani akaishika birika kabla haijateleza.

"Umeshamwahidi tena," alisema.

Ramlah aliangalia chini ya mteremko. "Sasa na kitanda," alisema, akateremka kwenda kuokoa godoro.

*

Mzee Adrisi alikuwa dereva wa malori ya jeshi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani zamani, na alipofariki aliacha kiwanja hicho na watoto wawili. Sheria ya dini haikuwa na utata: mafungu matatu, mawili ya mwana wa kiume, moja la binti. Siku ya saba ya msiba wazee walikubaliana kwamba fungu la Ramlah liwe upande wa barabarani, ili apate mahali pa kupangisha ale. Walikuwapo Sheikh Jamiru, imamu wa msikiti wa jirani, na Muhamad, mdogo wa marehemu, aliyetoka Jinja. Walionyesha kwa fimbo mahali ambapo mawe ya mpaka yangehamishiwa. Upande huo tayari ulikuwa na maduka ambayo Sulait aliyapangisha, na kinu cha kusaga mahindi cha jirani mmoja aitwaye Barasa. Sulait alisimama mbele ya watu akasema amekubali, ni haki ya dada yake, na akaahidi kwamba apewe muda mfupi tu awahamishe wapangaji kwa wema.

Siku ile Ramlah aliona mchuzi kwenye sinia ukisogea upande mmoja. Alifikiri mkeka umekunjamana chini yake.

Baada ya hapo ahadi zilifuatana. Aliahidi Idi ikipita. Aliahidi mvua zikikatika, watoto wakimaliza shule, Barasa akipata mahali pengine. Kila mara alimaanisha. Kila mara ardhi ya magharibi ilipanda, na ile ya mashariki ikawa kama kiganja kilichokunjwa. Maji ya udhu yalikwenda huko, na ya kuoshea vyombo, na ya mvua, na umande, na yalipofika hayakuwa na pa kutokea. Kwanza yalikuwa ya upana wa beseni. Baadaye watu wakaanza kupazunguka. Walijaribu kuchimba mfereji uelekee mto Nabuyonga. Sulait aliahidi kuleta vibarua Jumatatu, na Jumatatu vibarua walipofika walikuta kazi imekuwa kubwa kuliko waliyopatana, wakarudi makwao.

Kwa kuwa maji yaliingia na hayakutoka ila kwa jua, yalikolea chumvi. Watu walimuuliza Sheikh Jamiru kama yanafaa kwa udhu. Sheikh alionja kwa ncha ya ulimi, akasema maji ya bahari ni twahara na haya ni hivyo hivyo, ila wasimsahau aliyeko ukingoni. Ramlah aliikwangua chumvi kwenye mawe wakati wa kiangazi, na wafugaji wa Busiu walikuja kuichukua kwa ajili ya ng'ombe wao. Mchana alisuka tabaga, vile vifuniko vya ukindu wa rangi rangi ambavyo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula, akiwa ameweka miguu juu ya tofali.

Nyumbani kwa Sulait walizoea. Vyungu viliwekewa vijiwe upande wa mashariki. Katika swala ya jamaa nyumbani, safu nzima iliegemea kulia, kwa hiyo mzito kuliko wote aliwekwa mwisho wa safu upande wa chini ili awazuie wengine. Sharifah aliusifu upepo wa juu na uchache wa mbu. Na mwaka ule mito ya mji ilipofurika, nyumba ya Sulait haikuguswa na tone. Watu walikimbilia kwake, naye akawapokea wote, akawapikia ugali wa posho na maharage, akawapa blanketi. Ramlah alikuwa miongoni mwa waliopokelewa. Tangu hapo jina la Sulait lilitajwa kwa heshima kila penye mkutano, na wageni walioliona jumba lake kule juu waliamini ni la mtu aliyebarikiwa.

Yeye mwenyewe hakuamini hivyo. Alilalamika kwa Sheikh Jamiru.

"Sheikh, si tumefundishwa kwamba matendo ni kwa nia? Nia yangu Mungu anaiona."

"Anaiona," alijibu Sheikh. "Lakini nia ni ya kitendo, Sulait. Kitendo kiko wapi?"

Mara moja alijaribu kuongeza inshallah baada ya ahadi, akidhani ndiyo iliyopungua. Ardhi ilipanda vilevile, pengine zaidi kidogo.

*

Mwaka sabini na tisa, familia ilipokimbia vita, Sulait aliacha shule akiwa darasa la nne, na hakuwahi kurudi mpaka ndevu zilipoingia mvi. Sasa alikuwa akisoma masomo ya jioni pamoja na watu wazima wengine. Jumatatu ile mwalimu wao wa jiografia, Masaba, alisema hakuna haja ya kuchora ziwa ubaoni ilhali mwanafunzi mmoja analo nyumbani. Darasa lote likaja saa kumi na moja jioni, na madaftari kwapani.

Masaba aliomba sinia kwa Sharifah, akaimiminia maji kidogo, akaishika sawasawa.

"Zamani sana," alisema, "kabla hajazaliwa mtu wa kuja kupaona, mito ya huku ilitoka mashariki ikaenda zake magharibi. Kisha ardhi ya magharibi ikaanza kupanda. Haikuwa na haraka. Kucha zako zinakua upesi kuliko hiyo." Aliinua ukingo mmoja wa sinia. "Mto ukafika ukakuta njia imenyanyuka. Mto haugombani na mtu. Ulirudi nyuma, ukalala. Kagera ikarudi, Katonga ikarudi. Ndiyo maana ziwa Viktoria ni pana namna ile lakini kina chake si cha kujivunia. Ni uji uliomwagika mezani."

"Na maji yakatokea wapi?" aliuliza Sulait.

"Hayakutokea. Kuna nyakati bonde lile halikuwa na mlango. Yaliingia yakakaa, jua likayala. Wanasema lilikauka mpaka chini, nyasi zikaota mahali pa samaki. Mvua ziliporudi likajaa, likajaa, mpaka likamwagikia pale palipokuwa pa chini kuliko kingo zote. Jinja. Hapo ndipo Nili ilipopata kutoka."

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama hilo litakuwa kwenye mtihani. Masaba alisema huenda. Kisha akautazama mteremko, akapima kwa jicho, akapima kwa kalamu.

"Hapa kwako, bwana Sulait, kinachoipandisha magharibi ni nini?"

"Ahadi zangu, mwalimu."

Masaba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. "Vitabuni wanasema ni moto wa chini ya ardhi," alisema. "Lakini vitabu havijafika Mbale."

Wanafunzi walicheka, hata Ramlah aliyekuwa akisuka pale chini alicheka.

"Mlango wa hili utafunguka wapi?" aliuliza Sulait. Yeye hakucheka.

Mwalimu alizunguka ziwa zima kwa miguu kabla ya kujibu. "Sioni," alisema. "Kingo zote zimenyanyuka. Lile kubwa halikuwa na mwenyewe wa kuushusha upande mmoja, likangoja mvua. Hili lina mwenyewe." Akaimwaga sinia, akaifuta kwa shati lake, akamrudishia Sharifah na shukrani.

*

Karama ya mzee Adrisi, yaani ile dua na chakula cha kumkumbuka, ilifanywa kila mwaka mwezi wa Shaabani, na desturi ilimtaka Sulait aende mwenyewe kumwalika baba yake mdogo. Alikwenda Jinja siku ya Jumatano. Mzee Muhamad aliishi Kimaka, kwenye chumba kimoja karibu na chuo cha wakuu wa jeshi, na ingawa alistaafu akiwa koplo, vijana wote wa mtaa walimwita Afande. Sulait alimkuta akipunguza uzio wa michongoma kwa panga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshuka salama kutoka mlimani?" Mzee aliweka panga chini. "Naambiwa nyumba yako sasa inapita minara ya simu. Endelea hivyo hivyo. Watalii watauacha Wanale, watakuja kukupanda wewe."

"Baba, nimekuja kukualika kwenye karama."

"Nitakuja. Ramlah hajambo?"

"Maji yameingia chumbani kwake."

Muhamad alikaa juu ya gogo. Ule mzaha ulimtoka usoni. "Nilikuwepo siku ile," alisema. "Nilishika fimbo mimi mwenyewe nikaonyesha. Baba yako hakuwa mtu wa maneno. Kwenye lori alikuwa anaweza kutoka hapa mpaka Gulu hajasema isipokuwa kuomba maji. Ukimwomba kitu alikupa au hakukupa. Wewe maneno haya uliyatoa wapi?"

"Namhurumia dada yangu."

"Hiyo si huruma. Huruma ya namna hiyo inampunguzia mzigo anayeitoa." Alichukua tena panga lake. "Ramlah atakuja kukaa na mimi, mwambie. Chumba ni kidogo lakini ni kikavu. Akitaka."

Sulait aliondoka akapita mjini, akateremka mpaka mahali ambapo ziwa linaachia mto. Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Alitawadha, akatandika kitambaa chake kwenye majani ya ukingo, akaswali. Aliposujudu paji la uso lilishuka wima, halikwenda pembeni, na kizunguzungu kikamshika kwa kuwa alikuwa amesahau ardhi iliyo sawa. Alibaki amesujudu kwa muda mrefu. Aliomba asamehewe, na aliomba apewe ulimi mzito.

Kisha alikaa kutazama. Maji yalikuja kutoka kwenye ule upana wote, yakafika pale, yakatoka. Hayakupiga kelele na hayakumtangazia mtu. Mashua ya wageni ilipita, mwenye kuongoza akiwaelezea kwa kipaza sauti, na maji hayakumsubiri amalize. Sulait alitia nia moyoni mwake na hakuitamka. Hata kwenye dua hakuitamka. Aliibeba hivyo hivyo mpaka Mbale, mdomo umefungwa, kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

*

Alhamisi baada ya kifungua kinywa alichukua jembe na mtaimbo. Sharifah alimuuliza anakwenda kulima wapi kiangazi hiki. Hakujibu. Alimuuliza tena kama amegombana na mtu. Alitikisa kichwa, akatoka.

Mawe ya mpaka yalikuwa matatu, yamepakwa chokaa. La kwanza lilikuwa kwenye kona ya juu. Alilichimbua, akalibeba kifuani, akalipeleka mahali ambapo wazee walionyesha kwa fimbo, akalizika huko na kulishindilia kwa kisigino. Ardhi chini yake ilishuka. Aliisikia kwenye magoti, kama mtu anapokaa baada ya kusimama siku nzima. Kule chini ziwa lilijikunja likajitenga na mlango wa jiko, na kambale wadogo wakabaki wakirukaruka kwenye tope.

Ramlah alitoka nje. Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha maji ya bomba, akapanda nacho, na safari hiyo hakusimama katikati kupumua. Sulait alikunywa, akamrudishia kikombe, akaenda kwenye jiwe la pili. Hilo lilikuwa zito zaidi. Alilivingirisha kwa mtaimbo, akalizika, na nyumba yake ikashuka tena, vijiwe vya chini ya vyungu vikawa havihitajiki. Sharifah alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Jiwe la tatu lilikuwa mbele ya kinu cha Barasa, mahali ambapo wateja hupanga magunia yao. Ilikuwa siku ya kusaga na foleni ilikuwa ndefu. Barasa alizima mashine, akatoka akiwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Bwana Sulait, habari ya asubuhi."

Sulait alimwitikia kwa kichwa.

"Hilo jiwe mbona? Kinu kinahama?"

Wateja walisogea kusikiliza. Mwanamke mmoja alisema bwana Sulait hawezi kumhamisha mtu hivi hivi bila kumwambia, yule ni mtu wa watu. Mwingine akasema kama anahama basi aseme, wao wajue watasaga wapi. Barasa hakukasirika. Alipangusa mikono kwenye aproni, akasema kwa sauti ya chini, "Nina watu saba nyumbani, mzee. Niambie tu neno moja."

Sulait alikuwa ameshaliondolea jiwe udongo pande zote. Mtaimbo ulikuwa chini yake. Ulibaki kukandamizwa tu jiwe litoke. Jasho liliingia machoni, na kupitia lile jasho aliwaona wote wakimtazama, na nyuma yao akamwona dada yake amesimama na kikombe kitupu, naye anamtazama, na midomo ya dada yake imefumbwa kabisa.

Aliuchomoa mtaimbo.

"Jua limekuwa kali," alisema. "Nitamalizia kesho, Ramlah."

Kiwanja kilipanda. Mawe mawili aliyokuwa ameyazika yaling'oka yenyewe, yakabingirika kwenye mteremko, kwanza polepole kisha kwa kasi, yakaingia ziwani moja baada ya jingine. Heroe walipisha. Barasa alishukuru, akaiwasha mashine.

Ramlah alikaa chini pale pale. Baada ya muda Sulait alikaa kando yake, na kwa sababu ya mteremko bega lake lilimwegemea.

"Ulikuwa umebakiza jiwe moja," alisema Ramlah.

"Najua."

"Ungenyamaza tu. Hata kama usingemaliza leo. Ungenyamaza, ukaondoka, yale mawili yangekaa."

"Sikutaka ufikiri nimekuacha."

Ramlah alikigeuza kikombe mikononi mwake. "Mimi na wewe tumelala kitanda kimoja utotoni," alisema. "Nakujua. Huo ndio ubaya wake, kwamba nakujua. Ungekuwa mwizi ningekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa."

*

Karama ilifanywa Jumapili, wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani. Mikeka ilitandikwa katikati ya mteremko, kwa kuwa juu palikuwa pembamba na chini palikuwa maji. Ziwa lilikuwa limefika dirishani mwa jiko. Ramlah alikuwa ameshaweka godoro na sanduku lake juu ya bati, na vitu vingine amevifunga kwenye shuka. Watu walipouliza aliwaambia anakwenda Jinja na baba mdogo kwa siku chache, na waliomsikia walisema siku chache ni nzuri, mtu hubadilisha hewa. Hata hivyo ndiye aliyepika. Alitengeneza kisira, ile mikate myembamba yenye uchachu, na mchuzi wa mlenda wenye nyama, na kwa chumvi alitumia ile ya pale pale. Wageni walisema haijapata kukolea hivyo.

Kabla ya dua alimvuta kaka yake nyuma ya tangi la maji.

"Wakimaliza kusoma watakutazama," alisema. "Usisimame."

"Ndiyo desturi. Mwana mkubwa husimama akasema neno kwa ajili ya baba yake. Nikikaa watasema sina haya."

"Waache waseme. Maneno yao hayapandishi kitu."

Sulait alimshika mkono. Aliufinya, wala hakusema kitu, na Ramlah akaona kwamba anajitahidi, akamfinya naye.

Sheikh Jamiru alisoma vizuri siku hiyo. Alimwombea marehemu nuru katika kaburi lake, akawaombea walio hai nyoyo laini na mikono miepesi, na watu wote wakaitikia amina. Kisha palikuwa na kimya, kile ambacho mwana mkubwa hukijaza. Sulait alibaki amekaa. Alikuwa ameinamisha kichwa, na tasbihi imezungushwa kwenye vidole kwa nguvu hata vikaanza kubadilika rangi. Sheikh alitazama ndani ya kikombe chake. Mzee Muhamad alisema kwa sauti ya chini sana, "Hivyo hivyo, mwanangu. Kaa hivyo hivyo." Kule chini maji yalikuwa yametulia, hayana hata mkunjo.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko kilivyopata kuwa mwaka wowote. Watoto walianza kutazamana.

Palikuwa na mgeni mmoja kutoka Busiu, mzee Wahab, aliyewahi kusafiri na marehemu katika malori na aliyekuwa hajafika hapo tangu mazishi. Hakuwa na ubaya wowote. Alisafisha koo, akawageukia waliokuwa karibu naye.

"Huyu si ndiye mwana wa Adrisi?" aliuliza. "Hana neno kwa baba yake?"

Sulait aliinua kichwa. Aliwaona watu wote, mji wake mzima uliomheshimu, na pembeni, peke yake kwenye kiti, dada yake na furushi magotini. Huruma ilimjaa kifuani mpaka ikamfika kooni. Akaanza kuinuka.

Wanaume waliokaa upande wa chini walikusanya viatu vyao wakavishika mikononi. Wanawake waliinua masinia. Sharifah aliikumbatia birika. Mzee Muhamad alifumba macho, na Ramlah akapandisha miguu juu ya kiti, akakunja pindo la nguo, akalikandamiza chini ya mapaja yake lisilowe.

"Jamaa zangu," alisema Sulait, na machozi yake yalikuwa ya kweli, "nyinyi nyote ni mashahidi, na Mwenyezi Mungu ni shahidi juu yenu. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Nimemkosea, nakiri nimemkosea. Lakini mwezi huu mtukufu ukiisha tu, kabla hata nguo za Idi hazijafuliwa, Ramlah atapewa ardhi yake. Naahidi."